Ukurasa wa Kukata

Matokeo yalibandikwa saa nne asubuhi. Saa nne na robo binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa maabara, mkoba begani.

"Umefeli?" nikamuuliza. Mimi sizunguki.

"Sijafeli, mama. Nimewekewa sifuri."

"Ya nini?"

"Ya vitendo. Kazi zote sita. Ameandika hazikukusanywa."

Niliweka chini bika niliyokuwa naikausha. Kazi zile nilimwona akiziandika nyumbani, kwenye meza yetu ya kulia, kwa rula na kalamu mbili za rangi, akichora majedwali mpaka shingo ikamuuma. Siku ya kukusanya nilikuwa papa hapa maabara, nikamwona akimkabidhi mwalimu faili mkononi.

"Amesema karatasi isiyokatwa kwenye kitabu chake siyo kazi, ni karatasi tu," akaongeza. Kisha akaanza kulia kimyakimya, kama anavyolia tangu mdogo, bila kujifuta.

Mwanangu huyu tunamwita Mchwa, kwa sababu hajawahi kuona kitabu asikitafune. Mwalimu anayehusika wanafunzi wanamwita Toleo Jipya. Anafundisha somo la upimaji wa maji, na kila mwaka kitabu chake kinatoka upya. Mwaka juzi kilikuwa na jalada la kijani. Mwaka jana kikawa cha bluu, na zoezi la nne likahamia nafasi ya tano. Mwisho wa kila sura pana ukurasa wenye vitone vya kukatia na muhuri mwekundu, na ndani yake jedwali tupu. Mwanafunzi anajaza majibu humo, anakata, anakusanya. Fotokopi haikubaliwi. Kitabu cha kaka yako hakikufai, maana kurasa zake zilishakatwa. Kwa hiyo kila mwanafunzi ananunua kipya, na bei yake ni kubwa kuliko kodi ya chumba ya mwezi mzima.

Mimi ndiye niliyemwambia asinunue. Naliandika hili mapema ili asije mtu akadhani ninalificha. Binamu yake alikuwa na toleo la mwaka uliopita, nikamwambia, "Soma hicho, majedwali chora mwenyewe. Maji hayajabadilika tangu mwaka jana." Nilijiona mjanja sana. Sasa kwa sheria za chuo, mwenye sifuri ya vitendo haruhusiwi hata mtihani wa marudio. Anarudia mwaka mzima. Walikuwa kumi na saba waliopata sifuri hiyo hiyo kwa kosa hilo hilo, na mmoja wao alikuwa wangu.

Baba yake, ambaye ni dereva wa malori na alikuwa safarini, alipopata habari kwa simu alisema, "Nenda kamwombe radhi huyo mwalimu."

Nikamkatia simu.

Kwanza nilitaka kukijua kitabu chenyewe. Inachekesha, lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi na Toleo Jipya sikuwahi kukifungua. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Nina diploma yangu, ninaandaa vifaa, ninachanganya dawa, ninawaonyesha wanafunzi namna ya kushika bureti bila kuivunja. Yeye huingia, huongea dakika ishirini, hutoka. Saa ya chakula cha mchana nikaenda maktaba.

Mkutubi wetu wanafunzi wanamwita Bibi Kimya, ingawa mwenyewe anaongea kuliko redio. Alinitolea nakala pekee ya toleo la mwaka huu.

"Hiki kimenyolewa," akanionya. "Kurasa zote za kukata zimeibwa. Nilikipokea asubuhi, kufika saa tisa kikawa kipara."

Nikakaa kwenye meza ya pembeni nikaanza kusoma. Sura ya kwanza, maneno matupu. Ya pili vile vile. Ya tatu ndiyo vitendo vinaanza, na hapo nikasimamisha kidole. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema hivi: "Chukua sampuli kutoka bomba la tatu kuanzia mlangoni. Acha maji yatiririke dakika mbili kabla ya kukinga."

Nilisoma mara mbili. Halafu nikacheka kwa sauti, mpaka Bibi Kimya akainua kichwa.

"Nini?"

"Njoo usome."

Akasoma. "Sijaelewa. Bomba la tatu la wapi?"

"La kwangu! La maabara yangu!"

Nikamweleza. Maabara yangu ina mabomba matano. Manne yanatoa maji ya tangi la juu ya paa, ambayo yamelala juani siku nzima. La tatu peke yake limeunganishwa moja kwa moja na bomba kuu la mtaani. Ukitaka kupima maji yanayofika mjini, unachukua hapo. Jambo hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye daftari kubwa la jalada gumu, pamoja na vitendo vingine ishirini na viwili nilivyovitunga na kuvijaribu kimoja baada ya kingine. Mwaka alioajiriwa, Toleo Jipya alikuja akiwa mpole kama mkwe mpya, akaniomba daftari hilo. "Wiki moja tu, dada." Baada ya mwezi akasema limepotea wakati wa kuhama nyumba. Nikasikitika naye! Nikakaa nikaandika jingine.

Nilifungua kurasa zilizofuata. Vitendo vyangu vyote vilikuwemo kwa mpangilio wangu. Hata neno "tikisa taratibu, hutengenezi maziwa ya mgando" lilikuwemo, limepunguzwa tu likawa "tikisa taratibu".

"Unataka kumshtaki?" Bibi Kimya akaniuliza.

"Kesi itanichukua miaka. Mimi nataka kitabu chake kisinunuliwe hata na mama yake mzazi."

Bibi Kimya alinitazama kama mtu aliyekuwa akingoja kusikia maneno hayo tangu aajiriwe. Akageuza kompyuta yake upande wangu. Kumbe vipo vitabu huria. Vyuo vingine vimeweka masomo yao mtandaoni, na mwanzoni pameandikwa waziwazi kwamba unaruhusiwa kunakili, kutafsiri, kubadilisha na kugawa bure, ili mradi utaje ulikotoa. Vilikuwepo viwili vizuri kabisa vya kemia ya maji. Vilichokosa ni vitendo vinavyofanyika kwa vifaa vichache kama vyetu.

"Na vitendo unavyo wewe," akasema Bibi Kimya.

"Ninavyo kichwani na kwenye daftari la pili."

"Basi unangoja nini, arusi?"

Ilinichukua wiki tano za likizo. Nilifika kila asubuhi saa mbili, nikakaa maktaba mpaka saa kumi. Nilitafsiri nadharia kwa maneno ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaelewa bila kumpigia mtu simu. Kila kitendo nilikifanya upya maabara kabla ya kukiandika, nikapiga picha kwa simu yangu. Pale penye bomba niliandika: "Chukua maji kwenye bomba lisilopitia tangi. Muulize fundi wa chuo chako ni lipi." Majedwali nikayaweka mwishoni, na chini ya kila moja nikaandika kwa herufi nene: CHORA POPOTE. FOTOKOPI RUKSA.

Sikufanya kwa upendo wa elimu. Watu baadaye walinisifu hivyo, nikawaacha waseme. Kila sura niliyomaliza nilikuwa namwona Toleo Jipya amesimama katikati ya maboksi yake ya vitabu, na raha niliyokuwa naisikia ilikuwa ile ya kukuna upele.

Muhula ulipofunguliwa, faili la kitabu changu lilikuwa limeshaingia kwenye simu za wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza kabla hawajajua choo kiko wapi. Mwenye kibanda cha fotokopi getini alilichapa kwa bei ya karatasi na kulishona kwa uzi. Siku ya tatu Toleo Jipya alileta maboksi yake tisa, akayapanga nje ya ofisi kama kawaida. Siku ya kumi maboksi yalikuwa tisa bado. Nilikuwa napita hapo kwa makusudi. Njia yangu ya kwenda stoo haipiti huko kabisa.

Siku ya kumi na moja akaja maabara.

"Fundi wangu," akaanza, akitabasamu. Ananiita fundi kwa namna ya mtu anayekukumbusha nafasi yako. "Naona umekuwa mwandishi."

"Nimekuwa tangu zamani. Wewe unajua kuliko mtu yeyote."

Tabasamu halikuondoka, lilihama tu upande mmoja. Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akagusa chupa moja, akaiacha.

"Dada, sisi ni watu wa nyumba moja. Mtoto wako ana tatizo dogo. Nimetafuta kwenye makabati yangu, nikaona kama faili lake lipo. Unajua karatasi zilivyo nyingi. Naweza kurekebisha alama zake kesho asubuhi, na mwaka wake ukaokoka."

"Na wewe unataka nini?"

"Uliondoe hilo faili lako. Useme lina makosa ya kitaalamu, unalipitia upya. Basi."

"Na wale wengine kumi na sita?"

"Kwani hao ni watoto wako?"

Nilitaka kumjibu palepale. Ulimi ulikuwa umeshapanda. Lakini mwaka uliokuwa ukizungumzwa haukuwa wangu, nikamwambia nitampa jibu kesho. Akaondoka akipiga mluzi.

Nyumbani nilimkuta Mchwa jikoni anaosha vyombo. Tangu matokeo yatoke alikuwa amegeuka mashine ya kuosha vyombo. Nikamweleza kila kitu, neno kwa neno. Sikupamba.

Akafunga bomba. "Kubali, mama."

"Umesikia anataka nini?"

"Nimesikia. Kubali. Kazi nilifanya, alama ni zangu, arudishe. Hilo faili lako watu wameshalipata kwenye simu, ukisema umeliondoa hakuna atakayelifuta."

Akili anayo, hilo sikatai.

"Nikisema lina makosa, kila mwalimu atakayeliona atasema fundi mwenyewe alikiri. Na mwaka ujao ukurasa wa kukata utarudi."

"Mwaka ujao mimi sitakuwepo kwenye somo hilo! Mama, hii ni vita yako. Ya daftari lako. Mimi ulisema nisinunue kitabu, sikununua. Nimekuwa sifuri. Sasa unataka nirudie mwaka ili wewe umkomeshe mtu?"

Nilikuwa na jibu moja tu, nikampa.

"Simkubalii."

"Basi usiseme unafanya kwa ajili yangu."

"Sijasema."

Alikausha mikono, akaingia chumbani, na kwa siku nane hakunisemesha zaidi ya shikamoo. Ile shikamoo aliitoa kama anatema punje ya mchanga. Sisemi nilifanya vizuri. Siku hizo nane nilikula peke yangu, na bado kila asubuhi nilipoyaona yale maboksi tisa nilichangamka.

Toleo Jipya alipopata jibu langu aliandika malalamiko kwa kamati ya taaluma. Alidai nimeiba kitabu chake, nimekitafsiri vibaya na kukigawa bure ili kumharibia jina. Aliomba nisimamishwe kazi. Aliomba pia, kwa kuwa alishafika huko, wale kumi na saba, waliokuwa wamekata rufaa, wasisikilizwe mpaka shauri langu liishe.

Kamati ilikaa siku ya Jumatano saa tatu, kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kinachonguruma na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Walikuwa watu watano, mwenyekiti akiwa mkuu wa idara yetu, mama mmoja mwenye miwani minene anayeongea kana kwamba kila neno analipia. Bibi Kimya aliitwa kama shahidi. Toleo Jipya alivaa suti.

Alizungumza nusu saa nzima. Alisoma kitendo kutoka kitabu chake, kisha kutoka changu, kisha kingine na kingine. Vilifanana kweli. Wajumbe walikuwa wanatikisa vichwa na kunitazama kwa huruma.

"Huyu," alimaliza, "kazi yake ni kuosha chupa. Vitendo hivi angevitoa wapi?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama?"

"Nina swali moja tu kwa mwalimu. Ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu chake. Naomba ausome mwenyewe."

Akausoma kwa sauti ya kuhutubia. "Chukua sampuli kutoka bomba la tatu kuanzia mlangoni."

"Kwa nini la tatu?"

"Samahani?"

"Kwa nini siyo la pili? Kwa nini siyo la nne?"

"Ni utaratibu wa kitaalamu. Ili... ili kupata wastani. Bomba la katikati."

Mjumbe mmoja aliyekuwa akichezea kalamu akaiacha.

"Na chuo chenye mabomba manne, la katikati ni lipi?" nikauliza.

"Mwenyekiti, huu ni utani."

"Ni utani wako, mwalimu. Uko kwenye toleo la kwanza mpaka la saba, Bibi Kimya ameyaleta yote. Twendeni maabara, ni hatua hamsini. Kila mtu akinge maji mwenyewe kutoka bomba la pili na la tatu, tupime dawa ya kuulia vijidudu. Aliyetunga kitendo hicho anajua tutakachokiona. Aseme sasa, kabla hatujaondoka kwenye viti."

Alitazama kitabu chake kama kimemng'ata. Miaka yote hiyo hakuwahi kukinga maji kwa mkono wake hata siku moja, na sasa kila mtu chumbani alikuwa amelijua hilo.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akainuka, akafungua kabati la chuma nyuma yake, akatoa faili jembamba.

"Miaka mitatu iliyopita," akasema polepole, "niliandikiwa barua na chuo kimoja kinachotumia kitabu hiki. Wao wana mabomba mawili. Walitaka kujua kama inawabidi wafunge la tatu, na la ukubwa gani. Nilimpa mwalimu aijibu. Kumbe hata yeye hakujua."

Bibi Kimya, ambaye kazi yake yote ni kunyamazisha watu, ndiye aliyeanza kucheka. Wajumbe wakafuata. Tulikwenda maabara hata hivyo, maana nilisisitiza. Maji ya bomba la pili yalibaki meupe ndani ya kichupa, ya bomba la tatu yakageuka waridi. Nikawaeleza sababu kwa sentensi mbili: waridi maana yake dawa ipo, na ile ya tangini jua limeshaimaliza. Toleo Jipya alibaki mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita fundi.

Uamuzi ulisomwa mchana huo huo. Malalamiko yake yalitupwa. Hakuna kazi ya mwanafunzi itakayokataliwa kwa sababu ya karatasi iliyoandikiwa. Suala la nani aliandika kitabu lingepelekwa kwa mkuu wa chuo. Somo la upimaji wa maji litatumia kitabu huria kuanzia muhula huo. Lakini alama za sifuri hazingeweza kubadilishwa kwa kalamu tu, kwa kuwa mafaili ya wale kumi na saba, alipobanwa, Toleo Jipya alikiri ameshayachoma. Wangefanya vitendo viwili upya, siku moja, mbele ya wasimamizi wawili. Atakayefaulu ataendelea na mwaka wake. Atakayeshindwa atarudia.

Nilipomwambia Mchwa, aliuliza, "Amechoma kazi zangu?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Wiki ile ile ya matokeo."

"Kwa hiyo aliposema ameliona faili langu..."

"Alikuwa anauza upepo."

Hakuniomba radhi, na sikutaka aniombe. Alikwenda kuchukua daftari, akaketi kwenye meza ya kulia, akasema, "Niulize."

Nikamuuliza mpaka akasema, "Mama, sasa unaniudhi."

Siku ya vitendo mimi sikuruhusiwa kuingia, na ni sawa. Aliletwa fundi kutoka idara nyingine. Nilikaa kwenye benchi la korido na wazazi wengine wachache, nikisikiliza vyombo vikigongana ndani. Kuna mlio wa bureti ikigusa sinki ambao mikono yangu yote miwili iliruka kuudaka. Walitoka saa saba, wamelowa jasho. Mchwa alipita mbele yangu akainua kidole kimoja tu, maana yake ngoja.

Kazi zilisahihishwa palepale. Wote kumi na saba walifaulu, mmoja kwa kuponea chupuchupu. Sheria inataka mwalimu wa somo asaini fomu ya kila mwanafunzi, na mwalimu wa somo alikuwa bado ni yeye. Hapo ndipo nilipoingia, kwa sababu funguo za kabati la fomu ninatunza mimi.

Nilimwekea fomu mezani moja moja. Alisaini haraka haraka, kichwa chini, kama anayefukuza nzi. Ya mwanangu niliiweka ya mwisho. Nilikuwa nimezipanga hivyo.

Akaandika 81, akasaini, akaisukuma.

Nikairudisha. "Kwa tarakimu na kwa maneno, mwalimu. Nafasi iko hapo."

"Zile nyingine hukuniambia."

"Zile nyingine tutazirudia sasa hivi. Tuanze na hii."

Alinitazama. Mlango ulikuwa wazi, na korido nzima ilikuwa inatazama: wanafunzi, wazazi, Bibi Kimya amekunja mikono. Akachukua kalamu akaandika taratibu, themanini na moja, herufi baada ya herufi. Nilisimama juu yake mpaka alipomaliza "moja". Kisha nikampa ya pili.

Alipofika ya nane Mchwa aliingia akanishika kiwiko.

"Mama, twende. Inatosha."

"Bado tisa."

"Mama."

"Kaningoje nje," nikamwambia, nikasogeza fomu nyingine.